Kufundisha elimu ya sumu: anza na dozi

Mhadhiri kijana wa hapa Mombasa ameniandikia akilalamika kwamba wanafunzi wake wa mwaka wa pili wanazitaja sumu zote na dawa zake, lakini hesabu ndogo ya dozi inawashinda. Mwenzangu, usiwalaumu. Kozi inayoanza na metali nzito, ikaingia viuatilifu, kisha sumu za wanyama, inazaa wakariri.

Wiki ya kwanza wape parasetamoli ya maji, miligramu 120 kwa kila mililita 5. Mtoto wa kilo 12 amekunywa chupa nzima. Dozi ya mara moja ikifika miligramu 150 kwa kilo, ini huanza kutiliwa shaka. Chupa ya mililita 60 inampa miligramu 120 kwa kilo, ya mililita 100 inampa miligramu 200 kwa kilo. Mwanafunzi akishayapata hayo kwa mkono wake, mweleze jinsi glutathioni, kemikali ya mwili inayolikinga ini, inavyokwisha na kwa nini N-asetilisisteini, dawa inayosaidia kuirudisha, huokoa. Dai kipimo kiandikwe kwenye kila mstari wa hesabu, maana wengi huangukia pale mg/ml inapogeuka kuwa mg/kg.

Kisha waingize maabara na mayai ya Artemia, kamba wadogo wa maji ya chumvi. Hapa Pwani tuna bahati: joto la nyuzi 28 wanalolitaka tunalo bure. Chota maji ya bahari mbali na bandari na mifereji ya maji taka, usichote baada ya mvua kubwa kwa sababu chumvi hupungua, kisha yachuje. Tia mayai humo, kisha weka taa na pampu ya hewa ya tangi la samaki. Baada ya saa 24 hadi 48 lava, yaani wachanga walioanguliwa, wataogelea kuelekea mwangani, nawe uwavute hapo kwa pipeti, ukiyaacha maganda.

Tengeneza dondoo la majani ya mwarobaini kwa ethanoli, likaushe, kisha liyeyushe tena liwe miligramu 100 kwa mililita. Zimua kwa ethanoli hiyo hiyo, na kila chupa ndogo yenye mililita 5 za maji na lava 10 itiwe mikrolita 50 tu. Hivyo ethanoli inabaki asilimia 1 kila mahali, na dondoo linakuwa mikrogramu 10, 30, 100, 300 na 1,000 kwa mililita. Kila ukolezi uwe na chupa tatu, na tatu nyingine ziwe na ethanoli peke yake. Hizi za mwisho ndizo wanafunzi hupenda kuziruka ili wamalize mapema. Usikubali! Bila hizo hakuna ajuaye kama kilichoua ni mwarobaini au pombe.

Wahesabu baada ya saa 24. Lava asiyetikisika kwa sekunde 10 amekufa. Vifo vikizidi asilimia 10 kwenye chupa za ethanoli, jaribio lirudiwe, hata kama ni Ijumaa jioni. Mara nyingi sababu ni lava waliokaa siku mbili tatu tangu kuanguliwa. Kosa jingine ni kupanga ukolezi 200, 400, 600: wote wanakufa au wote wanapona, na grafu haina mteremko wa kusoma LC50, yaani ukolezi unaoua nusu ya lava. Mhimili wa dozi uwe wa logi (logarithimu), kila hatua ikizidishwa badala ya kujumlishwa.

Sumu ya polepole ifundishe kwa Owino Uhuru, mtaa wetu wenyewe, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kilieneza madini ya risasi na mwaka 2020 mahakama ya mazingira hapa Mombasa ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3. Usiishie kwenye kesi. Mtoto hufyonza karibu nusu ya risasi anayoimeza, mtu mzima takriban sehemu moja ya kumi. Katika damu hupungua nusu kwa kiasi cha mwezi mmoja, lakini mfupani hukaa miaka na miaka. Basi waulize kwenye mtihani: kiwanda kimefungwa miaka mitano, damu ya mama mjamzito bado ina risasi, imetoka wapi? Anayejibu "hewani" peke yake asipewe alama zote.