Fonti ya Mwandiko wa Mkono Ipewe Majina, Maelezo Yapewe Herufi za Kawaida

Wateja wengi wanaoniletea kazi ya kadi za harusi na sendofu hapa Dodoma huomba maandishi yanayofanana na mwandiko wa mkono, yenye herufi zilizolala, zilizoungana na zenye mikia mirefu. Ombi hilo ninaliheshimu, kwa sababu hakuna herufi zinazolipatia jina la mtu hadhi kama hizo. Hata hivyo, uzoefu wangu umenifikisha kwenye msimamo ambao siulegezi: fonti (yaani seti ya herufi za kompyuta) ya namna hii ipewe majina ya wahusika, na maelezo mengine yote yaandikwe kwa herufi za kawaida za chapa.

Sababu iko kwenye asili yake. Sehemu kubwa ya fonti hizi zimetokana na mwandiko uliostawi Uingereza katika karne ya 17 na ya 18, ambao uliandikwa kwa kalamu ya unyoya yenye ncha kali. Mwandishi alipovuta kalamu kuelekea chini huku akiikandamiza, ncha ilitanuka na mstari ukanenepa. Alipoipandisha kwa mkono mwepesi, mstari ulibaki mwembamba mno. Mafundi kama George Bickham wa London waliichonga miandiko hiyo kwenye mabamba ya shaba ili ichapwe vitabuni, na katika miaka ya 1960 Matthew Carter aliunda fonti ya Snell Roundhand kwa kufuata mwandiko wa Charles Snell, mwalimu wa mwandiko wa zama zile za kalamu ya unyoya. Uzuri wote unategemea tofauti hiyo ya unene na wembamba, na udhaifu wake unatoka hapo hapo. Ukiipunguza fonti sana, mistari myembamba hukatika katika mashine ya kurudufu, na kadi ikitumwa kwa WhatsApp, ambako picha hupunguzwa ubora, jina hubaki vipande vipande. Kwenye kadi iliyochapwa mimi siiweki chini ya pointi 24, kipimo cha ukubwa wa herufi.

Fikiria kadi ya mchango, ambayo kazi yake ni kumfahamisha mzee aliyeko Kondoa au Mpwapwa ni nani anayeoa, mwisho wa kuwasilisha mchango ni lini, na fedha zitumwe kwa namba ipi ya mweka hazina. Katika fonti nyingi za mwandiko, 1 na 7 hukaribiana sana kwa umbo, na tarakimu moja ikisomwa vibaya mchango unakwenda kwa mtu mwingine. Namba za simu, tarehe na jina la ukumbi zisiguswe kabisa na fonti hii.

Usiandike neno zima kwa herufi kubwa za mwandiko. Kila herufi kubwa ilichorwa ili ianze neno ikiwa na madaha yake, kwa hiyo zikipangwa pamoja hugombania nafasi na hakuna anayezisoma. Maneno ya kwenye kanga huandikwa kwa herufi kubwa zilizosimama wima, na ndiyo maana husomeka kutoka mbali. Vilevile usiongeze nafasi kati ya herufi ili kujaza mstari, kwa kuwa viungo vya fonti hutengana na ile sura ya kuandikwa kwa mkono hupotea.

Jambo ambalo sijaona likizungumzwa vya kutosha linahusu Kiswahili chenyewe. Maneno yetu karibu yote huishia na irabu, na fonti nyingi huwa na herufi mbadala za mwisho zenye mkia. Ukiziwasha kwa sentensi nzima, kila neno litatupa mkia wake na mstari utakuwa kichaka. Washa mkia kwenye neno la mwisho peke yake. Angalia pia alama ya ritifaa katika ng', maana baadhi ya fonti huiweka mbali na g hata ikaonekana kama doa.

Vyeti hufuata kanuni ile ile: jina la mhitimu liwe kwa mwandiko, lakini kozi na tarehe ziwe kwa herufi za chapa. Kwa wasindikaji wa mvinyo wa zabibu za Dodoma ninaongeza tahadhari moja, kwamba chupa ni ya mviringo, na jina refu lililoandikwa kwa mwandiko huzunguka hadi ubavuni, ambapo mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu halioni lote.

Kuhusu leseni, fonti nyingi za bure mtandaoni zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu, na kadi unayolipwa haimo humo. Great Vibes, Pinyon Script na Dancing Script zina leseni huria inayoruhusu kazi za biashara, na kwa kadi rasmi mimi huichagua Pinyon Script kwa sababu iko karibu zaidi na mwandiko ule wa kale.

Kabla ya kuchapa kadi zote, toa nakala moja kwa ukubwa wake halisi yenye majina halisi ya maharusi, kisha umpe mtu asiyewafahamu ayasome kwa sauti. Herufi kubwa za J na I, au T na F, ndizo zinazochanganya zaidi. Akisita kwenye mojawapo, badilisha fonti.