Jibu: Kwa nini Mwingereza humsalimia ndege?

Dada, umeuliza kwa nini mama mwenye nyumba wako huko Leeds humpa salamu ndege mweusi na mweupe, na kama huo ni uchawi. Usiogope, si uchawi. Huyo ni magpie, ndege wa jamii ya kunguru mwenye mkia mrefu. Waingereza wana wimbo wa zamani wa kuwahesabu: mmoja ni huzuni, wawili ni furaha. Kwa hiyo akionekana mmoja peke yake, anasalimiwa kwa adabu, "Habari za asubuhi, bwana," na wengine humuulizia mkewe hajambo, kana kwamba yupo hapo karibu. Wakishakuwa wawili, mkosi umeondoka. Mimi hili nalipenda sana, maana kinga yenyewe ni salamu tu.

Paka mweusi akikukatiza njia, wengi huko huona ni bahati njema, tofauti na Marekani. Ila usiweke viatu vipya mezani, hata vikiwa ndani ya boksi! Wazee wao hulihusisha jambo hilo na kifo, na mwenyeji wako anaweza kukasirika kweli. Mwavuli nao usiufungue ndani ya nyumba.

Tena si imani za majumbani tu. Kwenye Mnara wa London hufugwa kunguru wakubwa weusi wasiopungua 6, wana mtunzaji wao rasmi, kwani husimuliwa kuwa siku wakiondoka ufalme utaanguka.