Weka dirisha, ila dogo

Ndugu, umeuliza kama chombo cha anga kwenye hadithi yako kiwe na madirisha, au wahusika watazame nje kwa kamera na skrini tu. Mimi nasema weka, ila machache na madogo.

Wanaoyapinga wana hoja. Kioo kinaongeza uzito, na kila tundu ukutani ni mahali pa hewa kuvuja. Mwaka 1983 chembe ya rangi isiyofika hata milimita moja ilichimba kishimo kwenye kioo cha Challenger, chombo cha anga cha Marekani.

Lakini angalia chombo cha Apollo cha kutua mwezini. Mchoro wa awali ulikuwa na madirisha makubwa, mazito mno. Wahandisi wakaondoa viti, wanaanga wakasimama na nyuso zao karibu na kioo, na dirisha dogo la pembetatu likatosha. Julai 1969 mwanaanga Neil Armstrong alichungulia hapo, akaona kompyuta inawapeleka kwenye mawe makubwa, akaongoza chombo mwenyewe. Ukiwa na skrini peke yake, tukio kama hilo unalipata wapi?

Kwa chombo cha vita, chumba cha nahodha kifiche katikati kabisa, bila dirisha. Dirisha lipeleke kwenye chumba cha kulia chakula, kama ilivyokuwa kwenye kituo cha anga cha Skylab mwaka 1973, na uliwekee vifuniko vya nje vya kufungwa, kama vile vya Cupola, chumba kidogo cha madirisha kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga.

Safari yao ni ya wiki au miaka? Ikiwa ni miaka, usiwanyime kabisa.