Anzeni na majina, skana itafuata

Mkuu mleta uzi, umesema makumbusho yenu ya wilaya yana maboksi ya barua, picha na madaftari ya zama za misafara, na mnajua karatasi zinazohusiana nazo zimezagaa Ulaya. Unauliza muombe kwanza fedha za skana au za tovuti. Nimepanga nyaraka miaka kumi na moja, na jibu langu litawaudhi walioanza kuandika andiko la mradi: vyote viwili visubiri. Anzeni na majina.

Mchukulie Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ya karne ya 19. Alikuwa Myao, akatekwa utotoni, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na bwana wake alipofariki akarudi Zanzibar akiwa mtu huru. Alisafiri na wapelelezi Waingereza, Burton na Speke, kuanzia 1857 hadi 1859. Mwaka 1860 akaondoka tena, na Speke na mpelelezi mwingine, Grant. Mwaka 1871 alikuwa na Stanley kumtafuta Livingstone, kisha kati ya 1873 na 1875 akavuka bara zima na mpelelezi Cameron mpaka Atlantiki. Sasa jaribu kumtafuta. Karatasi za Speke ziko Royal Geographical Society, London. Za Grant ziko Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Za Stanley ziko Tervuren, Ubelgiji. Kumbukumbu za ubalozi mdogo wa Uingereza zimebaki Zanzibar kwenyewe. Kila nyumba ya Ulaya imepanga karatasi kwa jina la mzungu wake. Ukiandika "Bombay" unaletewa bandari, pamba na reli za India. Ukiandika "Sidi", kuna mahali aliandikwa "Seedy". Mtu mmoja, safari nne, na hakuna katalogi inayokuonyesha kwamba ni yuleyule.

Kinachotibu hili ni kadi ya jina. Wakutubi wanaiita rekodi ya mamlaka, jina la kutisha kwa kitu kidogo. Kadi inabeba namba isiyobadilika, majina yote mtu aliyowahi kuandikwa nayo, miaka, mahali alipoishi, kazi yake, aliohusiana nao, na kitu ambacho wengi hukiruka: wewe umejuaje. Baraza la Kimataifa la Nyaraka lina mwongozo wa kadi hizi, ISAAR (CPF), toleo la pili la mwaka 2004. Usomeni, ila msiufanye msahafu.

Kuunganisha sasa ni hivi: kadi yenu inaandikwa namba za kadi za wenzenu. London wana yao, Edinburgh wana yao, nyie mna yenu, zote zinaelekezana. Hakuna anayehamisha karatasi wala kubadilisha katalogi yake, na hakuna anayelazimishwa kuacha tahajia yake. VIAF, inayokusanya majina kutoka maktaba za taifa mbalimbali, inafanya hivyohivyo: Wajerumani waandike vyao, Wafaransa vyao, namba ndiyo inayowapatanisha. Kwetu hii ni nafuu kubwa, maana kugombana kama ni Mbaraka au Mubarak kungetumaliza kabla hatujafungua boksi la pili.

Tatizo lipo, tena kubwa. Majina ya maktaba yalikusanywa kwa ajili ya waandishi wa vitabu. Mpagazi hakuandika kitabu. Bombay amebahatika, anatajwa sana. Aliyebeba jora la merikani kutoka Bagamoyo hadi Tabora hayumo VIAF na hatakuwamo mpaka mtu amfungulie kadi. Sisi huwa tunafungulia Wikidata, hifadhidata huria ya mtandaoni, kwa sababu ni bure na haihitaji kibali cha mtu, huku tukitunza nakala yetu kwenye jedwali la kawaida. Kulinganisha orodha ndefu na kadi zilizomo tunatumia programu ya OpenRefine, nayo ni bure. Lakini inapendekeza tu, uamuzi ni wako, na hapo ndipo nilipoungua.

Tulikuwa na picha ya kijana, kanzu nyeupe, mkono juu ya kiti. Nyuma pameandikwa kwa penseli: "Mabruki, Bagamoyo". Programu ikaniletea Mabruki Speke, mmoja wa watu wa safari ya Speke, ambaye Stanley naye alimwajiri. Jina ni hilo, pwani ni hiyo. Nikabonyeza kukubali kwamba ni yeye. Baada ya miezi kadhaa nikaikuta picha yetu kwenye kurasa za mtandaoni za watu nisiowajua, na maelezo yale yale niliyoyaandika mimi. Mwenzangu wa ofisini, bila hata kukaa, akaigeuza picha na kuniuliza, "Huu mstari wa katikati umeuona?" Ilikuwa postikadi ya Kijerumani, nyuma imegawanywa upande wa ujumbe na upande wa anwani. Ujerumani iliruhusu mgawo huo mwaka 1905. Mtu aliyekuwa na Speke mwaka 1860 hawezi kuwa kijana wa miaka ishirini na kitu kwenye postikadi ile.

Na ningepaswa kujua. Mabruki, Farajala, Baraka yalikuwa majina waliyopewa watumwa kwa wingi, ndiyo maana ilibidi huyu mwingine aongezewe "Speke". Jina likifanana peke yake halithibitishi kitu. Siku hizi nataka vitu viwili zaidi vilingane, kwa mfano mwaka na safari, ndipo niunganishe. Visipolingana namfungulia kadi yake na kujaza ile sehemu ya Wikidata inayosema "tofauti na". Kuunganisha kulinichukua sekunde moja. Kufuta kumenichukua barua pepe nyingi, na bado ziko kurasa zilizogoma.

Mahali nako kuna kadi zake: mji ambao Burton aliuandika Kazeh ni Tabora, na asiyeandikiwa hivyo hataipata.

Anayedhani haya ni mambo ya misafara tu aende Tendaguru, Lindi. Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) 1909 hadi 1913, mifupa ikaenda Berlin. Waingereza wakaja 1924 hadi 1931, yao iko London. Kilima kimoja, majengo mawili, nchi mbili. Msimamizi mashuhuri wa wachimbaji, Boheti bin Amrani, alikuja kuenziwa mwaka 2007 kwa mjusi kuitwa Australodocus bohetii. Yaani katika rejista za sayansi ni rahisi kumpata mjusi kuliko kumpata mzee mwenyewe.

Kwa hiyo mkuu, katika hayo maboksi tafuteni kwanza daftari la mishahara au orodha ya posho. Barua za wakubwa zina majina matano, daftari la mishahara lina mia, tena na tarehe na mahali. Likiwamo, piga ukurasa mmoja kwa simu, utundike hapa tuusome.