Mamluki kwenye foleni ya kura

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: kura za mchujo wa urais, zile za chama kumpata mgombea wake, zikiachwa wazi kwa kila raia, wapinzani hawatavuka na kukichagulia chama mgombea dhaifu?

Watavuka. Ninaye jirani aliyefanya hivyo na akaja kunitambia. Hata hivyo nasema hofu yenu mmeielekeza kusiko.

Mimi ni mtu wa Tanga, ila nimeishi Indianapolis, jimbo la Indiana, tangu wanangu wakiwa chekechea. Mei 6, 2008 ilikuwa zamu yetu ya kura za mchujo. Barack Obama na Hillary Clinton walikuwa bado wanabanana kuwania tiketi ya Democratic, ilhali kwa Republican John McCain alishamaliza kazi tangu Machi. Warepublikan hawakuwa na la kufanya, na asiye na la kufanya hakosi vituko. Mtangazaji wa redio Rush Limbaugh, kipenzi cha mamilioni ya wahafidhina, akawahimiza wasikilizaji wake wakampigie Clinton, si kwa kumpenda, bali ili Wademokrat wazidi kuraruana na pesa ziwaishie. Mpango huo aliuita, kwa lugha yetu, Operesheni Vurugu.

Jirani yangu alikuwa hamkosi Limbaugh hata siku moja. Jioni ile alinifuata uani, mimi nageuza nyama jikoni, yeye anacheka hadi machozi: leo amempigia Hillary! Nilimuuliza kama hakuona haya. Akasema karani hakumuuliza kitu zaidi ya karatasi ya chama gani anaitaka.

Ni kweli. Huku Indiana mtu hajiandikishi kuwa wa chama fulani. Sheria inataka uwe uliwapigia wagombea wengi wa chama hicho kwenye uchaguzi mkuu uliopita, au uwe unakusudia kuwapigia kwenye ujao. Ukitiliwa shaka, utatia saini kiapo. Lakini kura ni siri, na kusudio liko moyoni. Nani atalikagua? Labda wapiga ramli.

Clinton alishinda kwa kura kama 14,000 kati ya zaidi ya milioni 1.2. Limbaugh akajipiga kifua, na upande wa Obama wapo waliomlaumu yeye. Sasa tazameni: watu waliohojiwa wakitoka vituoni walionyesha kwamba karibu mmoja kati ya kumi waliopiga kura ya Democratic alikuwa Mrepublikan, na watu hao waligawana karibu nusu kwa nusu, Clinton akiongoza kidogo tu. Waliompigia Obama hawakutumwa na redio yoyote. Na waliompigia Clinton je? Mke wa jirani yangu, ambaye ni Mrepublikan kuliko mumewe, aliondoka nyumbani kwa gari lile lile na kumpigia Clinton yule yule, kwa sababu alimtaka. Alitaka kumwona mwanamke Ikulu kabla hajafa. Kwenye hesabu wale wawili wanafanana kabisa. Mmoja ni mamluki, mwingine si mamluki, na hakuna mtaalamu awezaye kuwatenganisha kwa kuangalia takwimu.

Halafu mkasa wenyewe haukuishia Mei. Kwa kuwa mchujo ulirefuka hadi kufika kwetu, Obama alilazimika kufungua ofisi na kuandikisha wapiga kura katika jimbo ambalo wagombea urais wa Democratic walizoea kulipita tu. Novemba akaichukua Indiana kwa tofauti isiyofika kura 30,000. Mdemokrat wa mwisho kushinda hapa kabla yake alikuwa Lyndon Johnson, mwaka 1964. Siku hiyo jirani yangu hakuja uani.

Msije mkadhani nasema wavukaji hawana nguvu kamwe. Jimboni Michigan, Februari 2000, kwenye mchujo wa Republican, McCain alimshinda George W. Bush ingawa Warepublikan wenyewe wengi walimtaka Bush. Waliombeba ni wasio na chama na Wademokrat. Kambi ya Bush ililalamika sana. Lakini kumpenda McCain hakukuwa hila, na zaidi ya hayo mchujo wa Marekani ni safari ya majimbo 50, kila jimbo na kanuni zake, na mengine hayaruhusu mgeni kabisa. Wiki mbili baadaye Bush alishinda majimbo makubwa, na tiketi ikawa yake.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Michigan hiyo hiyo, mwaka 2012. Rick Santorum, aliyewania tiketi ya Republican, aliwapigia Wademokrat simu za kurekodiwa akiwaomba waje wampigie dhidi ya mshindani wake Mitt Romney. Romney akakasirika, akaiita hila chafu. Watu wakamkumbusha maneno yake mwenyewe: kule jimboni kwake Massachusetts aliwahi kupiga kura kwenye mchujo wa Democratic, na aliwahi kueleza kwamba alimchagua yule aliyemwona mpinzani dhaifu zaidi kwa Republican. Mamluki wa jana, mlinzi wa lango leo. Romney alishinda Michigan, na kelele zikaisha siku hiyo hiyo. Ndiyo tabia ya tuhuma hii. Hulelewa na anayeogopa kushindwa, na akishinda huitupa. Asiyekubali kushindwa si mshindani, wazee walishasema.

Mtasema basi tufunge mlango, wachague wenyewe kwa wenyewe. Sisi Watanzania tunaujua mlango uliofungwa. Mwaka 2015 wana-CCM 38 walirudisha fomu za kuwania urais. Hakukuwa na mpinzani hata mmoja aliyeweza kupenya kwenye vikao vya Dodoma, wala foleni ya kumtilia mtu shaka. Majina yakakatwa hadi matano, la Edward Lowassa halikuwemo, na wajumbe wakaliimba jina lake hadharani. Kabla Julai haijaisha alishahamia Chadema. Shaka haikufa kwa kufunga mlango. Ilihama kutoka kwenye foleni ikaingia chumbani, na huko ina watu wachache zaidi wa kushuku.

Nami sina budi kutubu. Mei 2024 nilivuka. Indiana ya siku hizi gavana hupatikana kwenye mchujo wa Republican, maana chama hicho ndicho kinachotawala hapa, safari ile wakiwa wagombea sita, na nilitaka kuwa na neno kabla mambo hayajakwisha. Nikaomba karatasi ya Republican. Juu yake kulikuwa na kura ya urais: Donald Trump, na Nikki Haley aliyekuwa amejitoa miezi miwili nyuma. Nilimpigia Haley. Zaidi ya mmoja kati ya watano waliopiga kura hiyo walimpigia Haley kama mimi, na sijui hata leo kama kura yangu ilikuwa ya hila, ya hasira au ya kumheshimu yule mama.

Jirani yangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, mkongojo mkononi. Alinisikia nikitaja chama.

"Umekuja kutuvuruga?" akauliza kwa sauti, karani akainua kichwa.

"Nimekuja kulipa deni," nikamjibu. Akacheka, kisha naye akaomba karatasi yake.