Daftari la kitongoji si sensa

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji wilayani Bahi. Daftari langu la wakazi lina watu wengi kuliko walioonekana kwenye sensa ya 2022, na wenyeviti wenzangu wanasema vivyo hivyo. Sasa amejitokeza kijana mwenye kompyuta anayesema atatukokotolea takwimu sahihi, tuzipeleke Tume ya Uchaguzi tuombe jimbo letu ligawanywe. Kila kaya imeombwa shilingi elfu mbili. Je, takwimu hizo zitapokelewa?

JIBU: Marahaba, mwenyekiti. Hazitapokelewa. Idadi ya watu inayotumika kugawa majimbo ni ile ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu.

Daftari lako silidharau, ila linajibu swali jingine. Wewe unaandika watu ambao kitongoji kinawatambua kuwa ni wake. Karani wa sensa aliuliza nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022. Kijana wenu anayeuza nguo Kariakoo alihesabiwa Dar es Salaam. Waliokwenda na ng'ombe kutafuta malisho walihesabiwa huko walikolala, na Agosti huku kwetu Ugogo ni kiangazi hasa. Nimesimamia makarani kwenye sensa mbili, na kote nilikutana na wazee wanaotaka watoto wao wa mjini waandikwe nyumbani kwa kuwa shamba lao liko pale. Ukiwaandika na huku, umewahesabu mara mbili. Wengine huleta daftari la wapiga kura. Hilo ni la wenye miaka 18 na kuendelea, na karibu nusu ya Watanzania hawajafikisha umri huo.

Kinachoniumiza zaidi ni huko "kukokotoa". Makaratasi ya namna hiyo nimeyashika mengi. Mtu anachukua idadi ya 2012, anaikuza kwa kasi ya taifa, anagonga muhuri, anadai hela. Ngoja nikuonyeshe ubaya wake kwa mfano wa jirani. Kati ya 2012 na 2022 Tanzania ilitoka watu 44,928,923 ikafika 61,741,120, sawa na ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Jiji la Dodoma mwaka 2012 lilikuwa na watu 410,956. Likuze kwa kasi hiyo ya taifa, unapata kama 565,000. Sensa ilikuta watu 765,179! Laki mbili nzima zimepotea kwenye karatasi, maana hesabu ile haijui kwamba Serikali ilihamia hapa na watu wakaifuata. Mwaka 2025 Tume ilitaka jimbo la mjini lianzie watu 600,000 na la vijijini 400,000. Kwa hesabu ya mkato, Dodoma Mjini isingefikia kiwango. Kwa sensa ilifikia, ikagawanywa, likazaliwa jimbo la Mtumba.

Sasa ipeleke kasi hiyohiyo kwenye kitongoji ambacho vijana wanahama. Utaumba watu ambao hawapo.

Sisemi sensa haikosei. Mahali pa kutazama ni mipakani: eneo la kuhesabia watu likipita kwenye ardhi inayogombewa na vijiji viwili, kaya zako zinaweza kusomeka kwa jirani. Hilo linafuatilika. Mwombe mtendaji wa kijiji muende ofisi ya takwimu ya mkoa mkiwa na majina ya vitongoji vya mpakani, muulize kila kimoja kilihesabiwa chini ya kijiji gani. Mkienda na jumla tu mnayoidai, hakuna wa kuwasaidia.

Halafu idadi siyo kigezo pekee. Ibara ya 75 ya Katiba inataja pia upatikanaji wa mawasiliano na hali ya kijiografia. Umbali wa vijiji vyenu na njia zinazokatika wakati wa mvua ni hoja halali. Ziandikeni vizuri, mzipitishe kwenye halmashauri na vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa. Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji mchango wa elfu mbili.

Watu hawa huibuka kila mjadala wa mipaka unapopamba moto, na wanaacha madhara makubwa kuliko hela wanazochukua. Wananchi wakishaamini kwamba takwimu hununuliwa, karani anayefuata atafungiwa mlango kwenye kaya moja, na kwenye nyingine ataorodheshewa wajukuu wanaoishi Morogoro. Zahanati, madarasa na visima vinapangwa kwa namba hizohizo. Nimeona kijiji kikiomba walimu kwa ajili ya watoto ambao, shule ilipofunguliwa, hawakutokea.

Itisha mkutano wiki hii, fedha zilizokwisha kuchangwa zirudishwe mbele ya watu. Kijana akikataa, mpe mtendaji wa kata taarifa kwa maandishi, pamoja na majina ya kaya zilizotoa na kiasi cha kila moja.