Nalipia ukumbi mdogo, ila makofi ya huruma sitaki

Mhariri, mmeuliza hivi: msomaji mwenye pesa ya tiketi moja tu ataenda tamasha la uwanjani, au kumsikiliza mtunzi mmoja na gitaa lake mbele ya watu wasiozidi hamsini? Mimi nakwenda kwa mtunzi.

Sina ugomvi na uwanja. Uwanja wa CCM Kirumba hapa Mwanza ukijaa, halafu apande mtoto wa nyumbani kama rapa Fid Q, hata mzee atanyanyuka. Lakini uwanjani spika zikishanguruma kinachonifikia ni mdundo na kiitikio, beti zote zinaliwa na upepo. Na mimi ni mtu wa beti. Nataka kujua yule binti wa ubeti wa pili aliolewa au hakuolewa.

Kwenye ukumbi mdogo mtunzi hana pa kujificha. Waya wa gitaa ukilegea anaukaza tukimwangalia. Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya mstari mrefu. Anaweza kukatisha wimbo na kusema ubeti wa tatu bado unamsumbua, kisha akauimba kwa namna mbili, nasi tukabishana ipi inakaa vizuri. Wimbo ukiwa bado haujapoa namna hiyo, redioni hutaupata.

Wapo wanaosema kukaa kumsikiliza mtu mmoja na ala yake ni mambo ya kizungu. Hao Ziwa Victoria letu hawalijui. Enanga ya Wahaya na Wakerewe ni ubao uliochongwa kama sinia refu, na uzi mmoja unapitishwa juu yake kutoka ncha hadi ncha, mara kadhaa. Sauti yake ni ya chini, haishindani na ngoma, kwa hiyo anayetaka kisa lazima asogee. Njoo upande wa Rorya kwa Wajaluo: mpiga nyatiti ana nyuzi nane mikononi, njuga mguuni, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu anayogongea ubavu wa ala. Bendi nzima hiyo, kakaa mtu mmoja. Na kwa kuwa anatunga palepale, ukiingia umevaa vizuri jina lako linaweza kuingia kwenye wimbo, kwa sifa au kwa kijembe, kutegemea ulivyomsalimia.

Tatizo la ukumbi mdogo ni adabu yetu: hata wimbo usiotushika tunaupigia makofi.

Wasukuma walilitatua hili zamani. Wakati wa Bulabo, sherehe yao ya ngoma pale Bujora, Kisesa, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, Bagika na Bagalu, havichezi kwa zamu. Makundi mawili yanaanza kwa wakati mmoja, kila moja na ningi wake anayetunga na kuongoza nyimbo, na watazamaji wanahamia wanakovutiwa. Penye umati mkubwa ndipo penye ushindi. Ndiyo maana wanaleta chatu, vinyago na kila kioja, maana wimbo ukipwaya ningi anauona umati wake unayeyuka akiwa bado anaimba. Hakuna cha kumwambia baadaye.

Sasa nihamishie wapi miguu yangu kwenye chumba cha watu thelathini, mlango ukiwa ubavuni mwa stuli ya mwimbaji? Nikinyanyuka, wote wameniona. Basi nabaki, napiga makofi wimbo wa tano, wa sita, wa saba, na mtunzi analala akiamini zote ni dhahabu, wakati tatu ndizo zilizotushika. Makofi ya namna hiyo yanamdhulumu. Afadhali baada ya shoo tubaki naye nusu saa, aulize tulikumbuka mstari upi. Asiyekumbukwa mstari hata mmoja amepata jibu lake, na hakuna aliyemvunjia heshima.

Halafu pesa. Kwenye taarabu kumtunza mwimbaji ni sehemu ya shoo, na inapendeza. Kwa mtu wa gitaa pekee, noti ikiletwa katikati ya ubeti inakata wimbo, tena anayetunzwa mara nyingi ni yule mwenye shemeji ukumbini. Mimi nataka kiingilio mlangoni. Watu arobaini kwa shilingi 10,000 ni 400,000. Toa maiki, toa fundi mitambo, toa nauli, bado mtunzi anaondoka na kitu cha maana. Mahali pa kuingia bure mapato yanatoka kwenye bia, na mwenye bia ndiye anayeamua sauti ya nini iwe juu.

Waandaaji wa hapa Mwanza, anzeni saa mliyoandika. Shoo ya saa mbili usiku ikianza saa nne, sisi wa Igoma na Buhongwa tunaondoka kabla ya wimbo wa tatu kuwahi daladala. Wa Sengerema nao, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, hawana tena kisingizio cha foleni ya kivuko, kwa hiyo watangazieni hata wao. Televisheni ya ukumbini izimwe. Na siku ya Simba na Yanga msiandae kabisa, hata mimi sitakuja.

Msomaji, Igoma, Mwanza